Uzi wa Sentimita Thelathini na Tano

Simu ya Nemesi ilijibu kabla sijameza mate:
Dodoma hadi Vankuva
kilomita elfu kumi na nne na mia nane na ushee,
saa kumi na sita na nusu
ndege ikinyoosha isisimame pahali.
"Ipo ndege hiyo?"
Nemesi akacheka. "Haipo, fundi. Ni hesabu tu."

Hesabu tu naijua.
Ndiyo ninayoandika kwenye boksi la vifungo:
bega, kifua, kiuno, urefu,
mwili wa mtu bila mtu mwenyewe.

Hapa Makole ndege naisikia kabla sijaiona.
Inapita karibu na mabati, cherehani inatetemeka,
mshono unaruka tundu moja.
Uliruka hivyo hivyo miaka sita iliyopita,
asubuhi Sechelela alipopanda.
Suruali ilikuwa ya karani wa mahakama.
Hajarudi kulalamika.

Safari yake niliifuata kwa vidole:
Dodoma hadi Dar, saa moja na kitu;
Dar, kiti cha chuma, saa saba;
kisha mji wa mchanga ambao jina lake limenitoka,
akalala ameegemea begi;
kisha mbingu ndefu, milo mitatu,
na jua lililogoma kuzama.
Saa thelathini na nne.
Na kabla ya hizo, miezi kumi na moja ya kungoja muhuri,
ng'ombe wanne wa shangazi yake kule Mvumi,
na shamba la zabibu la Hombolo, nililouza
mizabibu ikiwa imeshaanza kuchipua.
Hayo Nemesi hakuyauliza, na simu haikuyataja.

Juzi Mwalimu Mnyawami akaleta tufe la shule.
Stoo inavuja, anataka nilishonee mfuko wa turubai.
Dodoma haikuandikwa. Nikaichoma kwa ncha ya sindano
mahali ninapodhani nimekaa.
Nikavuta uzi mwekundu kwenda magharibi,
juu ya Kongo, juu ya ile bahari pana,
njia ambayo mtu mwenye akili zake angepita.
Uzi ukalegea.
Nilipoukaza ukateleza wenyewe kaskazini,
ukakata majangwa ya Sudani, ukapanda, ukapanda,
hadi kwenye weupe wa barafu,
ukamshukia mwanangu kutoka utosini mwa dunia.

Kumbe hata kunyooka kuna kona yake.

Nikaukata. Nikaulaza kwenye futikamba:
sentimita thelathini na tano.
Mkono wa koti la mtoto wa miaka minne.

Mbeho ana miaka minne.
Walimpa jina la baridi kwa kuwa ndiyo iliyompokea.
Vipimo vyake vilikuja kwa ujumbe, mstari mmoja,
na mama yake akaongeza: acha nafasi, anakua.
Nafasi kiasi gani hakusema.
Koti nimelishona kitenge nje, flaneli ndani,
nikaona haitoshi, nikaongeza flaneli nyingine,
na nyingine,
likasimama mezani lenyewe
kama mtu anayesubiri kuitwa jina.
Kifungo cha juu nimekishona kwa uzi ule ule.
Ulitosha. Ukabaki kidogo wa kufunga fundo.

Sechelela hupiga saa moja asubuhi yangu,
saa mbili usiku wake, na usiku wenyewe wa jana.
Ukitazama mishale tu, tumeachana saa moja,
kama majirani wawili
ambao mmoja hajanunua betri.
Yeye anamlaza mtoto, mimi nafagia vipande vya jana.
"Umeamkaje, baba?"
"Salama. Na wewe umeshindaje?"
Tunasalimiana hivyo, kila mmoja na salamu ya mwenzake,
halafu tunanyamaza kidogo, vocha inakwenda.

Leo nimefika Posta na bahasha kubwa.
Binti wa dirishani akaiweka kwenye mizani,
akaandika, akapiga muhuri, akainua macho:
"Haraka au kawaida, mzee?
Ya haraka ni siku tano, ila bei imechangamka."
Nikaitazama saa ya ukutani. Saa nne asubuhi.
"Kawaida," nikamwambia.
"Kule bado ni jana."